Nekesa Alikuja Kuuliza Tu

Nakumbuka Jumanne moja, mwanangu, na kila nikiikumbuka hushikwa na hasira kabla sijashikwa na huzuni. Hasira yenyewe inaanza na mimi. Kwa hivyo ukinisikia huko mbele nikiwasema wengine, usidhani nimejitoa kwenye hesabu. Kila mtu nitamfikia, lakini wa kwanza ni mimi.

Nilikuwa na miaka ishirini na minne, nesi mpya kabisa, na nilijipenda sana ndani ya ile sare. Nilipelekwa kliniki moja ndogo kule mtaa wa Baba Dogo, karibu na viwanda, mahali ambapo king'ora cha kuita watu kazini kilisikika hadi chumba cha sindano. Waliokuja kwetu walikuwa wake za wafanyakazi wa viwandani, watu wa vibarua, akina mama wa sokoni. Wengi walikuwa wametoka magharibi. Wengine, kama mimi, tulitoka upande wa Murang'a, na sote tulibanana kwenye zile ploti za vyumba kumi kumi zenye bomba moja la maji. Ukiishi hivyo unajua mambo ya kila mtu. Unajua nani amepika nini, na mtoto wa nani amechapwa kwa nini.

Ndiyo maana sisi watu wa Eastlands, mitaa hii ya mashariki ya jiji, tuna swali letu. Mtoto usiyemjua akikupita mlangoni, humuulizi jina lake. Unamuuliza, "Wewe ni wa nani?" Akikuambia ni wa Mama fulani wa ploti ile ya geti la bluu, basi umeshajua kama utamtuma dukani au utamfukuza. Silitukani swali hilo. Limewarudisha kwao watoto wengi waliopotea. Kosa langu ni kwamba nililibeba nikaenda nalo kazini.

Meza yangu ilikuwa kwenye veranda, mbele ya benchi refu walilokalia wagonjwa. Kila aliyefika alisimama mbele yangu, akaeleza shida yake, nikaiandika kwenye kitabu, na benchi zima likasikiliza. Hakuna aliyeona ubaya wowote, na mimi sikuuona. Jumanne ilikuwa siku ya kupima watoto uzito, kwa hivyo siku ile benchi lilikuwa limejaa akina mama, na vilio vya watoto vilikuwa juu. Hapo katikati akaja msichana wa shule, sweta ya kijani, kadi hana, mtoto hana. Akasimama mbele yangu akiangalia viatu vyake.

"Sista, nilikuwa nataka kuuliza kitu," akasema.

"Haya, uliza."

Akaangalia benchi, kisha akaniangalia mimi. Hakuuliza. Na mimi, badala ya kugeuka nikaona alichokuwa anakiona, nikamkazia macho mpaka sura yake ikanijia.

"Kwani wewe ni wa nani? Si wewe ni Nekesa, wa Mama Nekesa tunayeimba naye kanisani? Na mama anajua uko hapa?"

Niliuliza kwa sauti, mwanangu. Akina mama wawili watatu waliinua vichwa, na mmoja akacheka kidogo. Nekesa akasema kichwa kinamuuma. Nikampa vidonge viwili, nikaandika "kichwa" kwenye kitabu, akaenda zake. Alikuwa kidato cha pili, miaka kumi na sita, na hakukaa pale hata dakika mbili.

Ningeishia hapo, ningekuwa mjinga tu. Lakini Alhamisi akina mama wa kanisa letu walikuwa na mkutano wao, na tulipomaliza kuomba nikamvuta Mama Nekesa kando. Nikamwambia kwamba nimemwona binti yake kliniki, sijui alikuwa anatafuta nini, na kwamba ninamwambia tu kama dada. Nakumbuka vizuri sauti niliyotumia. Ni ile sauti tamu ya mtu anayekuhakikishia kwamba yeye si mtu wa umbea.

Mama Nekesa alikuwa mama mzuri, mchapa kazi, aliyeuza mboga ili mtoto wake asome. Aliogopa, na hofu ya mzazi huishia mikononi. Alimchapa Nekesa mpaka majirani wakaingilia. Hakumuuliza alienda kliniki kufanya nini. Alimuuliza tu ni nani amemharibu. Kisha akampiga marufuku kwenda popote isipokuwa shule na kanisa, na hapo kwa kanisa ndipo ninapotaka unisikilize vizuri.

Kwaya yetu ilikuwa na mpiga kinanda. Tulimwita kijana kwa mazoea, lakini alikuwa anaelekea miaka thelathini. Shati lake lilikuwa jeupe kila Jumapili, na wazee aliwasalimia kwa mikono miwili. Yeye ndiye aliyewafundisha vijana nyimbo kila Jumamosi mchana. Jina lake silitaji, hastahili kutajwa. Nekesa alikuwa mwimbaji kwenye kwaya hiyo ya vijana. Mama yake alimfungia milango yote, akamwachia mmoja tu, na kwenye huo mmoja ndipo mtu yule alipokuwa amesimama.

Miezi ikapita. Siku moja nikamwona Mama Nekesa akipanda veranda ya kliniki, na nyuma yake Nekesa na ile sweta ya kijani, sasa imekuwa fupi mbele. Mama hakunisalimia. Mimi nikafungua kitabu, na Mungu anisamehe, moyoni nilijisikia kama mtu aliyethibitishwa kwamba alisema kweli. Nikajiambia, si nilimwonya?

Mkubwa wetu pale kliniki alikuwa Sista Auma, mama wa makamo, miwani yake imefungwa na uzi sikioni, na sikuwahi kumsikia akipaza sauti. Alimwingiza Nekesa ndani, akamwacha mama yake nje, akafunga mlango. Walikaa sana. Alipotoka akaniita chumba cha dawa.

"Wambui, kuja. Funga hiyo mlango."

Nikafunga.

"Unajua huyu mtoto alikuja hapa mwaka huu?"

"Ndiyo, Sista. Alikuwa anaumwa na kichwa."

"Hakukuwa na kichwa inauma." Alikuwa anapanga chupa kwenye rafu na hakuniangalia. "Kuna mwanaume alikuwa anamsumbua. Anamwambia ati msichana hawezi kushika mimba mara ya kwanza. Akasikia hiyo maneno haikai sawa, akatoroka lunch ya shule akakuja kuuliza kama ni ukweli. Alikuja kabla, Wambui. Kabla kitu yoyote haijafanyika."

Akaweka chupa ya mwisho, akanigeukia.

"Kazi yako ilikuwa kumwambia hapana," akasema. "Hapana, na umpee kiti. Wewe ukamuuliza mama yake ni nani. Kwani mama yake ndiye alikuwa amekuja kutibiwa?"

Nikaanza kulia. Akaniambia nisilie mle ndani, kwa sababu nje kuna mtoto mwenye haki ya kulia na bado hajalia. Halafu akachukua shuka moja la kliniki lililochakaa, akalikata, na mchana ule ule akaketi akalishona kwa mkono wake mwenyewe likawa pazia. Kufikia kesho yake meza yangu ilikuwa imetolewa veranda, imewekwa ndani, nyuma ya pazia. Hakunisuta tena. Angenisuta ingekuwa nafuu.

Sasa nakuja kwa wengine. Wazee wa pande zote mbili walikutana nyumbani kwa Mama Nekesa, mpiga kinanda akaja na wajomba zake na kreti ya soda. Wakazungumza kuhusu heshima za familia na kuhusu kumaliza mambo nyumbani bila kelele. Mwanamume anayekaribia miaka thelathini na mtoto wa miaka kumi na sita, na watu wazima wenye akili zao wakaketi wakanywa soda. Neno polisi halikutajwa. Nekesa alikuwa chumba cha pili, nyuma ya pazia, na hakuna aliyemuuliza hata kama ana kiu.

Kanisani napo palikuwa na utaratibu wetu. Msichana akipata mimba kabla ya ndoa alikuwa anawekwa nyuma. Aliketi benchi la mwisho karibu na mlango, hakushiriki meza ya Bwana, hakuimba kwaya, mpaka ajifungue na aje atubu mbele ya watu. Nekesa akawekwa nyuma. Kuhusu yule mwanamume, wazee wa kanisa walisema jambo lenyewe halina ushahidi. Na mmoja wao, mtu ninayemheshimu kwa mengine, akauliza, "Tukimsimamisha, kinanda atapiga nani?" Basi kila Jumapili yeye alikuwa mbele na shati jeupe, na Nekesa nyuma na tumbo. Sote tuliona hivyo, na sote tukarudi nyumbani kupika.

Mimba ilipoingia mwezi wa nane, Nekesa akaanza kuvimba miguu na uso. Safari hii kichwa kilimuuma kweli. Asubuhi moja mama yake akaja mbio kutuita, tukamkuta Nekesa sakafuni anatetemeka mwili mzima, macho yamegeuka. Ni kifafa cha mimba, presha ikipanda kupita kiasi, na wasichana wadogo wenye mimba ya kwanza ndio kinaowapenda sana. Watu wanadhani msichana akivunja ungo basi mwili umeshakuwa tayari kuzaa. Si kweli, na nimeona kwa macho yangu kwa nini si kweli. Sista Auma alisimamisha pikapu ya mboga barabarani, tukampakia juu ya magunia, tukampeleka hospitali kubwa. Wakampasua. Nekesa aliishi. Mtoto, wa kiume, hakuishi.

Unafikiri benchi la nyuma liliishia hapo? Wiki tatu baadaye, hata kidonda hakijapona vizuri, aliitwa mbele ya kanisa kutubu ili arudishwe kundini. Akasimama pale na blauzi ya mama yake, maziwa yamelowesha kifua, maana mwili wake haukuwa umeambiwa kwamba mtoto hayupo. Akasema, "Nimekosa, naomba kanisa linisamehe." Sauti haikufika nyuma, akaombwa arudie. Akarudia. Kisha tukasimama kumwimbia wimbo wa shangwe, na mpiga kinanda akatupigia. Mimi nilikuwa safu ya tatu. Niliimba beti zote.

Shule nayo ilisema nafasi yake imeshapewa mwingine. Akapelekwa kwa shangazi yake Bungoma, na kwangu habari zake zikaishia hapo. Ilipita miaka mingi. Nilikuwa nimeolewa, nimehamia Buruburu, watoto wangu wamekuwa wakubwa, siku moja nikaenda Soko la Burma kununua nyama ya sherehe. Kwenye kibanda kimoja cha nyama choma mama mmoja alikuwa anakatakata kachumbari. Akaniita, "Sista," akanipangusia stuli. Yeye ndiye aliyenitambua. Nilimwomba msamaha pale pale, watu wakipita na sahani zao, na sikujali. Aliendelea kukata nyanya.

"Ilishapita, Sista," akasema. Halafu akasema, "Lakini nilikuwa napenda sana hesabu. Ningefika mbali na hesabu."

Nimeishi na maneno hayo, na yameniuma kuliko matusi yangeniuma.

Sasa, kwa nini ninakuambia haya leo, mwanangu, na miguu yangu inauma na ningekuwa nimelala mchana kama wenzangu? Kwa sababu majuzi tulikuwa na mkutano wa wakazi hapa kwetu. Nesi mmoja mdogo, msichana wa hapa hapa mtaani, aliomba atumie ukumbi wetu Jumamosi mchana akae na vijana, wasichana na wavulana, waulize wanachotaka kuuliza kuhusu miili yao. Alikuja na barua nzuri, akaongea kwa adabu. Na wazazi waliosoma, wenye magari getini, wakamkatalia. Eti atawafungua watoto macho. Mtoto ana simu mfukoni tangu darasa la saba, ameona mambo ambayo mimi niliyefanya unesi miaka thelathini sijayaona, na wewe unaogopa nesi ndiye atamfungua macho.

Nikasimama, nikawahadithia habari ya Nekesa kama nilivyokuhadithia wewe. Halafu baba mmoja akasema, kwa upole kabisa, kama anayeongea na bibi yake, "Shosho, pole sana. Lakini watoto wetu si wa hivyo." Wetu. Nikamuuliza wale wa hivyo ni wa nani. Mwenyekiti akasema muda umeenda, wakahamia ajenda ya gari la taka. Kuhusu taka walijadiliana saa nzima. Na katika mtaa huu huu kuna msichana wa kidato cha kwanza ambaye hajaonekana shuleni tangu muhula ufunguliwe. Kila mtu anajua, na kila mtu anasema ameenda kumtembelea nyanya yake.

Nilitoka pale na hasira zangu. Nilisema sitasema tena, wafanye wanavyotaka.

Jumamosi iliyofuata nilikuwa naanika nguo nyuma ya nyumba, nikasikia geti linagongwa. Ni msichana mwembamba, nywele amesuka mistari. Nikafungua.

"Shosh, sasa. Mathee alisema ulichapa speech noma pale meeting," akasema, maana mama yake alikuwa amemsimulia nilivyohutubia. Kisha akaangalia nyuma yake, barabarani. "Niko na swali."

Mwanangu, mdomo wangu ulijaa lile swali letu. Ile sura niliijua, ilikuwa inanijia jinsi ya Nekesa ilivyonijia. Bado kidogo tu ningeuliza. Nikamwambia, "Ingia ndani," nikampa kiti jikoni, nikaweka chai motoni nikiwa nimempa mgongo, kwa maana wakati mwingine mtu huongea vizuri na mgongo.

"Kuna msee anasema ati first time msichana hawezi pata ball. Ni ukweli?"

Msee ni jamaa na ball ndiyo mimba, siku hizi wanasema hivyo. Lugha imebadilika, nyumba zimebadilika, viwanda vingine hata vimefungwa. Uongo ni ule ule, neno kwa neno, na bado unatembea mitaani na shati jeupe. Nilishika ukingo wa sinki. Sijui kama nimewahi kukasirika namna ile.

"Hapana," nikamwambia. "Ni uongo. Anaweza kupata mara ya kwanza kama mara ya kumi."

Akashusha pumzi. Nikamwekea chai, akauliza la pili, na la tatu. Nikamjibu yote bila kuzunguka. Nilimuuliza jambo moja tu, huyo msee ana miaka mingapi. Akageuza kikombe chake mezani. Nikamwambia kama yule ni mtu mzima na yeye hajafika kumi na nane, hayo si mapenzi, ni kosa la kufungwa jela, na siku yoyote akitaka kwenda kusema nitavaa viatu twende pamoja. Nikamwelekeza pia kwa yule nesi mdogo waliyemkatalia ukumbi. Sasa jiko langu ndilo ukumbi wake, kila Jumamosi, na wazazi wakitaka kuja kulalamika wanajua geti.

Basi hili ndilo neno langu. Kama wewe ni msichana, ujue mimba haina mara ya kwanza, na mwanamume anayekupa somo la afya ya mwili wako huku anautaka, huyo si mwalimu. Nenda kliniki uulize. Ukifukuzwa na wa kwanza, nenda kwa wa pili. Kama jambo limeshatokea, au umelazimishwa, usingoje, nenda siku hiyo hiyo, maana kuna dawa za kuzuia mimba na virusi vya UKIMWI ambazo zinafanya kazi siku za mwanzo tu. Na kama mimba imeshaingia, anza kliniki mapema upimwe presha, na shule urudi, ni haki yako, mtu asikuambie nafasi yako imechukuliwa. Kama wewe ni mvulana, usiwe wa kutamka uongo ule, na ukisikia rafiki yako anautamka mkatishe pale pale. Jifunze kujikinga, na zaidi ya hapo jifunze kungoja. Kama umeajiriwa juzi kliniki, weka pazia. Na kama wewe utakuwa mzazi, na wengi wenu mtakuwa, mtoto akija na swali mjibu kwanza. Ukiona aibu, ona aibu baadaye, ukiwa peke yako.

Mungu akupe miaka yako yote, mwanangu. Akupe mwili wenye afya, na shule uimalize, na hesabu kama unaipenda akufikishe mbali nayo. Akuepushe na watu wa shati jeupe. Na siku utakayobeba swali lako ukabishe kwenye mlango wa mtu mzima, akujalie ufunguliwe na mtu atakayekujibu kabla hajakuuliza wewe ni wa nani.